Faida si pesa mkononi: mwongozo wa kuanzia uhasibu na fedha kwa mwanafunzi wa biashara

Shangazi yangu anapika halua Wete, kisiwani Pemba. Mwezi mmoja baada ya Idi alinipigia simu, sauti imebadilika. "Wewe uliyesoma mahesabu, njoo uniambie. Halua imekwisha, watu wamesifu, daftari linaonesha faida, lakini mkebeni hamna kitu. Nani kaniibia?"

Hakuna aliyemwibia. Tulikaa barazani na lile daftari lake la mistari, lenye harufu ya iliki, tukazitafuta pesa moja moja. Nyingine zilikuwa kwa mwenye harusi aliyechukua halua kwa mkopo. Nyingine zilikuwa ndani ya magunia ya sukari. Fungu kubwa lilikuwa kwa mwenye banda, aliyetaka kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowasaidia hukwama hapo hapo alipokwama shangazi. Wanajua kukokotoa, wanajua fomula, lakini ukiwauliza kwa nini biashara yenye faida inakosa pesa ya kununua samli, wanakutazama. Kwa hiyo mwongozo huu wote unafuata biashara moja ya halua kwa mwezi mmoja, Machi. Tarakimu nimezitunga ziwe rahisi kujumlisha. Chukua kalamu na daftari. Kompyuta iache kwanza. Programu ya uhasibu itakupa jibu kabla hujajua swali.

Hatua ya 1: Mtenge mwenye biashara na biashara yake

Kwa mhasibu, shangazi ni mtu mmoja na biashara ya halua ni mtu mwingine. Akitia pesa, biashara inadaiwa naye. Akichukua shilingi 5,000 mkebeni kununua samaki wa nyumbani, hayo si matumizi ya biashara. Mwenye mali amepunguza mtaji wake. Tunayaita matumizi binafsi, na yana safu yake.

Inaonekana jambo dogo, lakini madaftari mengi ya mtaani niliyoyaona yameharibikia hapa. Ada ya skuli, kitoweo, mchango wa arusi ya jirani, vyote vimechanganywa na sukari na kuni. Mwisho wa mwezi mtu anasema biashara hailipi, kumbe biashara inalisha nyumba mbili.

Dawa yake ni mikebe miwili, au akaunti mbili za simu. Na ukitoa, andika.

Hatua ya 2: Andika siku hiyo hiyo, na weka karatasi

Kila tukio la pesa liwe na karatasi nyuma yake: risiti uliyopewa, ankara uliyoandikiwa, hata kijikaratasi ulichoandika mwenyewe na kukisainisha. Andika tarehe, nani, kitu gani, kiasi gani, taslimu au mkopo. Haya matano yakiwepo, mhasibu yeyote atakusaidia hata baada ya mwaka.

Kwetu hapa jambo hili halihitaji kuhubiriwa sana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni: liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aseme maneno ya kuandikwa, na mashahidi wawepo. Inaonya hata uvivu wa kuandika deni dogo. Kisha inatoa ruhusa kwa biashara ya mkono kwa mkono. Angalia tofauti hiyo kwa jicho la mhasibu: mauzo ya taslimu yamekwisha papo hapo, lakini mauzo ya mkopo yanaacha kitu kinachoishi, na kinachoishi lazima kiwe na kumbukumbu.

Na maneno yenyewe tumeyarithi. Daftari, hesabu, faida, deni, vyote vimetoka Kiarabu. Rasilimali asili yake ni *ra's al-mal*, yaani kichwa cha mali, lile fungu la kuanzia. Mwanafunzi anayeogopa somo hili akumbuke kwamba nusu ya istilahi zake anazitumia sokoni tangu utotoni.

Hatua ya 3: Mlinganyo mmoja unaobeba kila kitu

Mali = Madeni + Mtaji

Upande wa kushoto: biashara ina nini? Upande wa kulia: vitu hivyo vimetoka kwa nani, kwa watu wa nje (madeni) au kwa mwenyewe (mtaji)? Hauwezi kupinda, kwa sababu kila kitu ulichonacho kimetoka mahali.

Haya ndiyo matukio ya Machi:

- Tarehe 1: shangazi anatia mtaji wa Sh 3,000,000 taslimu.
- Tarehe 2: ananunua sufuria kubwa, majiko na mizani kwa Sh 1,200,000 taslimu. Anatarajia vitumike miaka 5.
- Tarehe 3: analipa kodi ya banda ya miezi 6, Sh 600,000.
- Tarehe 3: anachukua sukari, samli, wanga, lozi, iliki na zafarani kwenye duka la jumla Chake Chake, Sh 900,000 kwa mkopo wa siku 30.
- Mwezi mzima: anauza halua taslimu, Sh 1,100,000.
- Tarehe 20: mwenye harusi anachukua halua ya Sh 700,000, atalipa Aprili.
- Mshahara wa wapishi wasaidizi: Sh 350,000 taslimu.
- Kuni na vikapu vya ukili vya kufungia: Sh 130,000 taslimu.
- Umeme na usafiri: Sh 80,000 taslimu.
- Shangazi anachukua Sh 200,000 kwa matumizi ya nyumbani.
- Tarehe 31: malighafi iliyobaki inapimwa na kuthaminiwa Sh 180,000.

Jaribu tukio la tarehe 2. Taslimu imepungua 1,200,000, vyombo vimeongezeka 1,200,000. Jumla ya mali haikubadilika. Hajatumia kwa maana ya kihasibu. Amebadilisha umbo la mali. Tukio la malighafi: mali imeongezeka 900,000, na madeni yameongezeka 900,000. Pande mbili zimepanda pamoja. Fanya yote hivyo, moja moja, kabla hujagusa debiti na krediti.

Hatua ya 4: Debiti na krediti bila kizunguzungu

Kila tukio lina pande mbili, na kila tukio huandikwa mara mbili. Mfumo huu wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia kabla mtawa Luca Pacioli hajaueleza katika kitabu chake cha hesabu kilichochapwa mjini humo mwaka 1494. Hakuuvumbua, aliuandika vizuri, na mwenye kuandika ndiye anayekumbukwa.

Debiti maana yake ni upande wa kushoto wa akaunti. Krediti ni upande wa kulia. Basi. Usitafute ubaya wala uzuri ndani yake.

Mali na matumizi huongezeka kushoto. Madeni, mtaji na mapato huongezeka kulia. Kupungua ni kinyume chake. Hii sheria ikariri kama unavyokariri majira ya boti, kisha ifanyie mazoezi:

Mauzo kwa mwenye harusi: debiti Wadaiwa 700,000, krediti Mauzo 700,000.
Kuni na vikapu: debiti Kuni na vikapu 130,000, krediti Taslimu 130,000.
Alichochukua nyumbani: debiti Matumizi binafsi 200,000; krediti Taslimu 200,000.

Mwanafunzi mmoja aliniletea taarifa ya benki akilalamika: "Wewe umesema pesa ikiingia ni debiti, benki wameandika krediti." Benki hawajakosea. Ile ni taarifa ya vitabu vyao, na kwenye vitabu vyao pesa yako ni deni wanalodaiwa na wewe. Deni huongezeka kulia. Ukilielewa hilo umeelewa somo zima.

Jingine la kuangalia ni wadai na wadaiwa. Mdai ndiye anayekuja kugonga mlango: hapa ni mwenye duka la jumla. Mdaiwa ndiye unayekwenda kumgongea: mwenye harusi. Herufi mbili tu zinatofautisha, na kwenye mtihani zinaanguka nazo alama nyingi.

Ukimaliza kuandika, fanya urari: jumlisha salio zote za debiti, jumlisha za krediti, zilingane. Zisipolingana, tafuta tofauti. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, umeandika 53 badala ya 35. Ikigawanyika kwa 2, tafuta kiasi cha nusu yake kilichoandikwa upande usio wake. Lakini zikilingana usishangilie bado. Urari haujui kama umeingiza kuni kwenye akaunti ya mshahara, wala haujui tukio ambalo hukuliandika kabisa.

Hatua ya 5: Marekebisho ya mwisho wa mwezi

Hapa ndipo uhasibu unapoachana na daftari la kawaida la pesa iliyoingia na iliyotoka. Swali la mhasibu si "umelipa lini?" Anauliza "imekuhudumia mwezi gani?"

Kodi. Shangazi kalipa 600,000, lakini Machi imetumia 100,000 tu. Zile 500,000 bado ni mali yake: ana haki ya kukaa bandani miezi mitano. Tunaiita kodi iliyolipwa kabla.

Vyombo. Vile vya 1,200,000 havikuliwa Machi. Vigawe kwa miezi 60: 20,000 kwa mwezi. Huo ni uchakavu. Hakuna mtu anayelipwa hiyo 20,000, wala haitoki mkebeni; ni njia ya kukiri kwamba sufuria linaisha kidogo kidogo kila linapowekwa motoni.

Malighafi. Alichukua 900,000, zimebaki 180,000. Zilizotumika ni 720,000. Pima kwa mizani, usikadirie kwa macho. Na ukikuta samli imeharibika, iondoe kwenye hesabu siku hiyo. Mali iliyooza si mali.

Mapato nayo yana adabu hiyo hiyo, na hapa nina kovu langu. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Wageni wa Disemba walikuwa wakituma arbuni, yaani malipo ya awali, tangu Septemba, na mimi nikaziandika zote kama mapato ya mwezi zilipofika. Oktoba ikaonekana nzuri ajabu. Meneja akanunua vitanda vipya. Wageni kadhaa wakavunja safari, arbuni zikatakiwa, na vitanda havirudishwi dukani. Arbuni ni deni. Mpaka mgeni alale, au halua ikabidhiwe, pesa hiyo umeishikilia tu. Iandike upande wa madeni, na iwe mapato siku unapotimiza ulichoahidi.

Hatua ya 6: Taarifa ya faida na hasara

Sasa panga Machi:

Mauzo: 1,800,000
Malighafi iliyotumika: 720,000
Mshahara wa wapishi: 350,000
Kuni na vikapu: 130,000
Gharama ya halua iliyouzwa: 1,200,000
Faida ghafi: 600,000
Kodi: 100,000
Uchakavu: 20,000
Umeme na usafiri: 80,000
Faida halisi: 400,000

Mwalimu mkali atasema uchakavu wa sufuria na kodi ya banda la kupikia viingie kwenye gharama ya halua yenyewe. Ana haki, kwenye somo la uhasibu wa gharama ndivyo utakavyofundishwa. Kwa mwanzo, hivi vinatosha.

Zile 200,000 za nyumbani hazimo. Mauzo ya mkopo yamo yote, ingawa hata shilingi haijaingia.

Hatua ya 7: Mizania

Taarifa ya faida inasimulia mwezi mzima. Mizania ni picha ya saa moja, usiku wa tarehe 31 Machi.

Mali:
Taslimu: 1,540,000
Wadaiwa: 700,000
Malighafi: 180,000
Kodi iliyolipwa kabla: 500,000
Vyombo (1,200,000 toa 20,000): 1,180,000
Jumla: 4,100,000

Madeni na mtaji:
Wadai: 900,000
Mtaji (3,000,000 ongeza faida 400,000 toa matumizi binafsi 200,000): 3,200,000
Jumla: 4,100,000

Taslimu ya 1,540,000 usiichukue kwa imani. Rudi hatua ya 3, anza na 3,000,000, ongeza na toa mpaka uifikie mwenyewe. Kisha, kama ni biashara halisi, fungua mkebe uhesabu noti. Mizania iliyolingana huku mkebe una upungufu haina maana yoyote.

Kwa mizania hii unaweza kuuliza maswali. Mali za muda mfupi, yaani zote isipokuwa vyombo, ni 2,920,000. Madeni ya muda mfupi ni 900,000. Gawanya: 3.24. Kwa kila shilingi anayodaiwa ana zaidi ya shilingi tatu. Inapendeza, lakini kodi iliyolipwa kabla haiwezi kulipa deni la sukari. Ukibakisha taslimu na wadaiwa tu, unapata 2,240,000 kwa 900,000, karibu 2.5. Na hao wadaiwa ni mtu mmoja! Uwiano hauoneshi hilo, daftari linaonesha.

Hatua ya 8: Pesa imekwenda wapi?

Tunarudi kwenye simu ya shangazi. Panga pesa kwa mafungu matatu.

Shughuli za biashara: iliyoingia 1,100,000, iliyotoka ni kodi 600,000, mshahara 350,000, kuni na vikapu 130,000, umeme na usafiri 80,000. Matokeo: hasi 60,000.
Uwekezaji: vyombo, hasi 1,200,000.
Mtaji na mikopo: 3,000,000 toa 200,000, chanya 2,800,000.
Jumla: 1,540,000.

Isome tena ile ya kwanza. Faida 400,000, lakini kazi ya kupika na kuuza halua imekula 60,000 zaidi ya ilizoleta. Tena huo ni mwezi ambao hajalipa hata shilingi ya malighafi!

Daraja kati ya tarakimu hizi mbili lijenge mwenyewe, ni zoezi bora kuliko yote katika mwongozo huu. Anza na faida 400,000. Rudisha uchakavu 20,000, kwa sababu haukutoka mkebeni. Toa 700,000 zilizo kwa mwenye harusi. Toa 180,000 zilizolala kwenye magunia. Toa 500,000 zilizo kwa mwenye banda. Ongeza 900,000 za duka la jumla, ambazo umezitumia bila kuzilipa. Unafika hasi 60,000.

Kisiwani kwetu daraja hili lina msimu. Karafuu zikiwa zinachumwa, Wete inanunua taslimu. Msimu ukipita, utasikia "niandike, nitakulipa karafuu zikichumwa." Mwenye duka asiyejua kupanga wadaiwa kwa umri, hawa wa siku 30, hawa wa 60, hawa wa zaidi ya 90, huwa anaandika faida ambayo haitafika. Kadiri deni linavyozeeka ndivyo linavyopungua uzito. Ukishalikatia tamaa, lifute na ulikubali kama hasara.

Hatua ya 9: Bei, na kilo ya kurudisha gharama

Machi ziliuzwa kilo 200, kila kilo kwa Sh 9,000. Gharama nyingine hupanda kila kilo ikiongezeka: malighafi 3,600 kwa kilo, kuni na vikapu 650. Jumla 4,250. Nyingine zinakaa pale pale hata usipopika: mshahara 350,000, kodi 100,000, uchakavu 20,000, umeme na usafiri 80,000. Jumla 550,000. (Umeme na usafiri kwa kweli hupanda kidogo, nimezirahisisha.)

Kila kilo inaacha 9,000 toa 4,250, yaani 4,750, kwa ajili ya kubeba zile gharama zisizobadilika. 550,000 gawanya kwa 4,750 ni 115.8. Kwa hiyo kilo ya 116 ndiyo inayorudisha gharama. Kuanzia hapo kila kilo ni faida ya 4,750.

Mteja akija mwisho wa mwezi anataka kilo 20 kwa 7,000, ukubali? Kama kilo 116 zimeshapita, na sufuria lina nafasi, kila kilo bado inaacha 2,750. Lakini Wete ni ndogo. Akimwambia jirani bei aliyopata, kesho wote watataka 7,000, na kwa bei hiyo unahitaji kilo 200 kamili ili usipate hasara. Hesabu inakupa sakafu ya bei. Mtaa ndio unaokupa bei.

Hatua ya 10: Pesa ya leo na pesa ya kesho

Hapa uhasibu unaipisha fedha. Mwenye harusi anapiga simu: "Nikikulipa leo, utachukua 650,000 tukamalizana?" Anaomba punguzo la 50,000 kwa kuwahi mwezi mmoja, sawa na asilimia 7.7 ya pesa unayoipata leo. Jibu linategemea hiyo 650,000 ingefanya nini ndani ya mwezi. Ikiwa bila hiyo huwezi kununua sukari na agizo la kilo 60 linakupita, agizo hilo lingeacha 285,000, chukua 650,000. Ikiwa ingelala mkebeni tu, subiri. Hiyo ndiyo maana ya gharama ya fursa, na ndiyo mbegu ya hesabu zote za thamani ya sasa utakazokutana nazo.

Kitabuni utaikuta hivi: 1,000,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka inakuwa 1,120,000, na mwaka wa pili 1,254,400, kwa sababu ongezeko nalo linazaa. Kurudi nyuma unagawanya: 1,254,400 ya miaka miwili ijayo ni 1,000,000 ya leo, kwa kiwango hicho.

Wengi wetu hatutaki riba, na mwanafunzi wa Kizanzibari anaulizwa nyumbani kabla ya kuulizwa darasani. Jua basi mikataba iliyopo. Murabaha: benki inanunua chombo unachokitaka, inakimiliki kwanza kisha inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, unalipa kwa awamu. Mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa uwiano waliokubaliana, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji maadamu mfanyakazi hakuzembea. Musharaka: wote wanatia mtaji, hasara inafuata uwiano wa mitaji. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ), iliyoanzishwa 1966, ina huduma za namna hii kando ya zile za kawaida.

Mkataba wowote utakaopewa, upime. Sema jokofu la 2,000,000 utalilipia 200,000 kwa miezi 12. Jumla 2,400,000. Watu husema "asilimia 20." Kwa mkopo wa riba hiyo ni pungufu ya ukweli, kwa sababu baada ya mwezi wa kwanza hudaiwi tena 2,000,000 nzima, deni linashuka kila mwezi. Ukikokotoa kwa deni linaloshuka, unalipa karibu asilimia 2.9 kwa mwezi, takriban 35 kwa mwaka. Murabaha kisheria ni bei ya mauzo na si riba, lakini kwa kulinganisha ofa mbili za murabaha mezani, kipimo hiki kinakuonesha ipi ni nafuu.

Neno fupi la kodi

Zanzibar mfanyabiashara ana milango miwili. Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) inakusanya kodi za ndani za Zanzibar, pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15 wakati Bara ni 18. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inashughulika na kodi ya mapato na forodha. Ukisajiliwa VAT, ile unayomtoza mteja si mauzo yako. Ni kama arbuni: iko kwenye madeni mpaka uipeleke. Ukiila, umekula pesa isiyo yako.

Aprili fanya mwenyewe

Endelea na mizania ya 31 Machi. Aprili: mwenye harusi amelipa 500,000 tu. Duka la jumla limelipwa 900,000 yote. Malighafi mpya imenunuliwa taslimu 700,000. Mauzo, yote taslimu, 1,450,000. Arbuni ya harusi ya Mei, 300,000. Mshahara wa mwezi ni 350,000, lakini uliolipwa ni 300,000. Kuni na vikapu 120,000. Umeme na usafiri 80,000. Matumizi binafsi 200,000, vyote taslimu. Malighafi iliyobaki mwisho wa mwezi ni 230,000. Kodi na uchakavu unavijua.

Mizania yako ilingane kwa 3,480,000 kila upande, taslimu ikiwa 1,490,000. Kisha tazama faida. Ukipata 130,000, vizuri. Ukipata 180,000, umesahau mshahara ambao haujalipwa, na mizania yako italingana hata hivyo, kwa sababu umesahau matumizi na deni lake kwa pamoja. Ukipata 430,000, umeihesabu arbuni kuwa mauzo. Na hapo pia angalia, jumla zote mbili bado zitasoma 3,480,000 kama hakuna kilichotokea. Ndivyo Oktoba yangu ya hotelini ilivyoonekana.